Siku Kihariri Kilipowarudisha Mafundi Nyumbani Saa Moja Asubuhi

Mafundi cherehani mia mbili na themanini waliingia kiwandani asubuhi, wakakaa, wakatundika futi zao shingoni. Ilipotimu saa moja na dakika mbili, wote walikuwa wanatoka getini kurudi makwao.

Hawakugoma. Hapakuwa na moto. Hakuna aliyefiwa.

Niliwatoa mimi. Na wala sikuwa na habari.

Anayedhani nimetunga na adhani. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii.

Mimi ni karani kwenye kiwanda cha kushona sare. Za shule, za walinzi, za hospitali. Kazi yangu ni mafaili, simu, wageni, na kengele.

Ndiyo. Kengele.

Zamani ilipigwa kwa mkono. Kisha akaja dada mmoja fundi wa kompyuta, akaiunganisha na seva iliyo kwenye kichumba kando ya stoo, akaandika orodha ya saa, akanifundisha kuibadilisha, akaenda zake.

Seva yenyewe haina mapicha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, nayo inakufungulia kihariri, yaani programu ya kuandikia, orodha ikiwa ndani yake.

Mstari mmoja, kengele moja. Palipoandikwa 7 ni saa moja asubuhi: mlio mmoja mrefu, kazi ianze. Palipoandikwa 17 ni saa kumi na moja jioni: milio mitatu, nendeni nyumbani.

Kihariri alichokiweka yule dada kinaitwa nano. Kistaarabu kabisa. Unachoandika ndicho unachokiona, na chini kimekuandikia namna ya kutoka: shika Ctrl, bonyeza X. Kinakuuliza, nihifadhi au niache? Kina adabu kuliko nusu ya watu wa ofisi yetu.

Miaka miwili nilikitumia bila kelele.

Halafu tukaletewa Injinia.

Sijui alikuwa injinia wa nini. Alikuja na kitambulisho kikubwa kama sahani kikining'inia kifuani, na neno moja mdomoni: kitaalamu.

"Kitaalamu, hii chai imepoa."

"Kitaalamu, mlango huu unafungukia upande mbaya."

Kila mwisho wa mwezi alimpelekea meneja ripoti ya kurasa kumi. Ulinzi umeimarishwa. Mfumo umeharakishwa. Meneja anasaini, anatikisa kichwa, anatuangalia sisi wengine kama makapi.

Siku moja akatukusanya kwenye chumba cha mikutano, akarusha lile dirisha jeusi ukutani kwa projekta.

"Nimegundua humu watu wanatumia nano," akasema, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya. "Nano ni chekechea. Kuanzia leo kihariri cha kawaida cha seva hii, kwa kila mtu, ni vim. Tunapandisha kiwango."

Akaandika amri. Ikatoka orodha ya vihariri, kila kimoja na namba yake. Moja, nano. Mbili, sijui kitu gani. Tatu, vim.

Akabonyeza tatu.

Watu wakapiga makofi.

Tatu, jamani! Mwanangu ana miaka minne na anabonyeza tatu.

Nikainua mkono. "Injinia, hicho kipya kinatumikaje?"

Akanitazama, akamtazama meneja, wakatabasamu pamoja.

"Hicho hakibembelezi mtu, dada. Hicho kinataka kichwa."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, maana usipocheka unaonekana ndiye uliyechekwa.

Siku tatu baadaye meneja akaniita.

"Karani, funga mlango."

Nikafunga.

"Oda ya hospitali imechelewa. Kuanzia kesho kengele ya jioni ilie saa kumi na mbili. Wiki mbili tu."

"Mafundi wameambiwa, bosi?"

"Kengele itawaambia."

Inabidi nikueleze ukumbi wa kushonea ulivyo. Simu za mafundi zinaachwa getini. Madirisha yako juu karibu na paa, tena yamepakwa rangi. Saa ya ukutani ilikuwepo, meneja akaiondoa kwa mikono yake, akisema inawafanya watu wachungulie. Mahali pake akaandikisha kwa rangi nyekundu: KENGELE IKILIA HAKUNA MJADALA.

Kwa hiyo humo ndani saa ni mali ya meneja. Akisema jioni bado, jioni bado.

Na kwenye safu ya tatu, panaposhonwa kola, anakaa shangazi yangu.

Huyu ni dada wa baba. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenitafutia hii kazi. Nyumbani kwake yuko bibi, ambaye hajainuka kitandani mwaka wa pili sasa. Hawezi hata kujigeuza. Mchana jirani anamshikia zamu, lakini ikifika saa kumi na mbili jirani naye anakwenda kwa watoto wake. Shangazi hufika saa kumi na mbili kasoro dakika tano, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

Saa moja ikiongezwa, bibi yuko peke yake gizani, amelalia ubavu mmoja.

Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama mbele ya meza ya meneja.

Nikasema, "Sawa, bosi."

Maneno mawili. Wala hayakunikwama.

Jioni ile mafundi walipokwisha kutoka, nikaingia kwenye kichumba cha seva. Nikaandika amri. Orodha ikafunguka ndani ya hicho kihariri cha wenye vichwa.

Nikapeleka alama kwenye 17. Nataka iwe 18, basi. Nikabonyeza kitufe cha kufuta.

Hakifuti. Alama inarudi nyuma tu kama kaa.

Nikairudisha. Nikajaribu tena. Kaa yuleyule.

Nikasema moyoni, hapana, hii si kazi ya leo, bora nitoke nikaulize kesho. Nikashika Ctrl, nikabonyeza X, kama nilivyozoea.

Kimya.

Macho nimeyakaza chini ya skrini, nangoja swali langu la hifadhi au acha. Haliji. Nikabonyeza tena. Na tena. Unajua mtu anavyobonyeza kitufe cha lifti, kana kwamba lifti ina masikio? Ndivyo nilivyokuwa. Mara kumi.

Injinia akapita mlangoni na kofia yake ya pikipiki.

"Injinia, samahani. Hiki kinafungwaje?"

"Bado uko humo?" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Soma, dada. Soma."

Akaondoka akipiga mluzi.

Nikatoa simu nikatafuta mwenyewe. Jibu la kwanza kabisa: andika nukta mbili, w, q, bonyeza Enter. Nikaandika. Dirisha likajifunga papo hapo. Nilifurahi kama nimetolewa kisimani.

Wenye kujua wameshashika vichwa. Hiyo w maana yake hifadhi. Kulikuwa na njia ya kutoka bila kuhifadhi, lakini mtu anayezama hachagui kamba.

Na meneja akawa ameuliza kwa ujumbe: Tayari?

Nikajibu: Tayari, bosi.

Uongo mtupu. Nilidhani 17 iko palepale, na kwamba kesho nitapata la kusema.

Kesho ikafika.

Saa moja kamili asubuhi. Mlio mrefu mmoja. Cherehani zikaanza kunguruma. Nilikuwa kwenye korido nimebeba mafaili.

Halafu, kabla hata dakika haijaisha: mlio. Mlio. Mlio.

Mitatu.

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia taa za dari zikivuma.

Nikachungulia. Watu wametazamana. Kisha kwenye safu ya tatu akainuka mtu mmoja mnene, akavua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaitia kwenye mkoba.

Shangazi.

"Kengele imelia," akasema.

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Viti mia mbili na themanini vikasukumwa nyuma kwa pamoja, nikahisi sakafu inatetemeka.

Meneja akaja mbio, shati halijachomekwa.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, baba," shangazi akajibu.

"Saa moja asubuhi?"

"Saa sisi hatuna. Tuna kengele."

"Hiyo ni hitilafu! Rudini mkae!"

Shangazi akanyoosha kidole ukutani, kwenye yale maandishi mekundu.

"Tungerudi, baba. Ila kurudi sasa ni mjadala."

Mtu akacheka nyuma. Kicheko kikapita safu hadi safu kama upepo kwenye majani makavu.

Naomba ujue kitu. Miezi miwili kabla, shangazi alichelewa dakika tatu kwa sababu bibi alitapika alfajiri. Geti likafungwa. Alisimama nje kwenye mvua, na meneja akamwambia kupitia dirisha la ofisi yake maneno hayohayo manne ya ukutani. Ukiambiwa neno huku unanyeshewa, unalikariri.

Meneja akapiga kelele kwa mlinzi afunge geti. Mlinzi, mtu wa miaka mingi kazini, akampigia saluti nzuri sana.

"Bosi, amri yako imeandikwa hapa kibandani. Milio mitatu, geti wazi."

Na akalifungua lile bawa la pili, watu wasisongamane.

Meneja alipokuwa bado anahangaika nje, mimi nilikimbilia kichumbani na simu yangu. Nikafungua orodha.

Palipokuwa na 17 pameandikwa 7.

Saa kumi na moja imekuwa saa moja. Ile kumi imekwenda wapi? Nikasoma kwenye simu mpaka nikaikuta. Kwenye nano, Ctrl na X ni kutoka. Kwenye vim, Ctrl na X ni kupunguza moja kwenye namba uliyosimama juu yake.

Nilibonyeza mara kumi.

Kumi na saba toa kumi. Hesabu ya darasa la pili.

Nikaendelea kusoma. Hofu ni mwalimu mzuri kuliko Injinia: kwa nusu saa nilijua namna ya kuingia, kuandika, kuhifadhi na kutoka. Nilikuwa ndiyo nanyoosha mkono kurekebisha, meneja akaingia na Injinia nyuma yake.

"Bosi, ni mimi," nikasema. "Niliharibu jana jioni."

"Kitaalamu nilishaonya," Injinia akadakia haraka kama aliyekuwa ameliweka neno hilo tayari. "Wasio na taaluma wasiguse seva."

"Wewe utaandikiwa barua leo hii," meneja akaniambia. "Injinia, rekebisha. Nikiwa hapahapa naona."

Injinia akakaa. Akakunja mikono ya shati. Akafungua orodha, akagusagusa vitufe viwili vitatu mpaka 7 ikawa 17. Nikamkubali, kusema kweli.

Kisha akashika kipanya, akapeleka mshale juu kwenye kona ya dirisha, akabonyeza alama ya kufungia. Dirisha likapotea lote.

"Tayari."

"Umehifadhi?" nikauliza.

"Inajihifadhi yenyewe."

"Nionyeshe," akasema meneja.

Injinia akafungua tena. 7.

Akacheka kidogo. Akarekebisha. Akalifunga dirisha kwa kipanya. Akafungua.

7.

Mara ya tatu shati lilikuwa limemshika mgongoni.

7.

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukacheza ngoma. Huyu bwana hajui kutoka. Hajawahi kujua. Anachofanya ni kuvunja ukuta kila anapotaka kwenda nje, na alichoandika kinabaki ndani.

"Naomba nijaribu, bosi," nikasema.

Nikasimama pembeni ya kiti, nikainama, nikarekebisha, nikaandika nukta mbili, w, q. Nikafungua tena: 17.

Meneja hakunipongeza. Alikuwa anamtazama Injinia, na sura yake ilikuwa inapiga hesabu.

"Fungua ule ulinzi ulioweka mwezi wa tatu."

"Bosi, kitaalamu ule..."

"Fungua."

Akafungua. Kabla faili halijaonekana, skrini ikajaa onyo. Meneja akasogeza miwani, akasoma mwenyewe kwa sauti: faili hili lilifunguliwa, likaandikwa, halikuhifadhiwa. Chini, jina la mtumiaji aliyeliacha: injinia. Tarehe: mwezi wa tatu.

"Na ile ya kuharakisha mfumo?"

Onyo. Injinia. Mwezi wa tano.

"Na ile ya Juni?"

Onyo.

Faili lenyewe ukilisoma, ni vilevile alivyoliacha yule dada wa mwanzo. Ripoti zote zile, kurasa kumikumi, saini ya meneja kila mwezi, na kwenye seva hakuna hata nukta iliyoongezeka. Mwaka mzima bwana mkubwa alikuwa anaandika juu ya maji. Kitu pekee alichofaulu kubadilisha ni kihariri, kwa kuwa kile kilitaka kubonyeza tatu tu.

Meneja akavua miwani.

"Shemeji," akasema, na sauti ikamkatika. "Shemeji, umeniaibisha."

Shemeji!

Mwaka mzima tunajiuliza huyu mtu aliajiriwa kwa cheti gani. Kumbe cheti ni cha ndoa.

Meneja akashtuka kwamba nimesikia. Ile barua yangu sikuiona tena, na mpaka leo haijaandikwa.

Saa nne wakafika wakaguzi wa mteja, wale wa oda ya hospitali. Wakapitishwa kwenye ukumbi mtupu, wakaambiwa ni siku ya matengenezo. Mmoja akaandika kwenye karatasi yake kwamba mazingira ni tulivu na safi.

Jioni nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta ameketi kitandani kwa bibi anamkanda miguu. Siku hiyo bibi aliogeshwa mchana, akaanikwa jua mlangoni, akala akiwa ameegemezwa. Uso wake ulikuwa mwingine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwambia kwamba kengele niliiharibu mimi. Akacheka mpaka machozi. Nikaona bora nimalize. Nikamwambia na kilichonipeleka kule, ile saa ya nyongeza ambayo ilikuwa isitajwe kwa mtu.

Kicheko kikaisha.

"Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Na ukasema nini?"

"Nilisema sawa, bosi."

Aliendelea kukanda miguu ya mama yake, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu, kosa lako limetupa siku nzima. Utiifu wako ungetuibia wiki mbili. Sasa wewe jipime, kati ya hivyo viwili kipi kikutie aibu."

Sikulala vizuri.

Asubuhi iliyofuata mafundi walirudi wote, kwa wakati, wamenyooka kama sindano. Injinia naye alirudi. Asirudi kwa nini, na mke wake ni dada wa meneja? Tena alikuwa amepewa cheo kipya, Mkuu wa Mifumo, ili isionekane amekosea.

Meneja akatuita kichumbani.

"Karani, weka sasa ile kumi na nane niliyokuagiza."

Nikainuka kwenye kiti, nikakivuta pembeni.

"Bosi, mimi nilishaharibu mara moja. Na jana ulisikia, wasio na taaluma wasiguse. Kaa uweke mwenyewe."

"Unanikatalia?"

"Nakupisha, bosi."

Akanikazia macho. Angeweza kunifukuza. Lakini angenifukuza mimi ninayejua kutoka, abaki na nani? Na neno shemeji lilikuwa bado linaelea humo chumbani.

Akakaa. Akafungua orodha. Akabonyeza kufuta.

Kaa akarudi nyuma.

Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akabonyeza herufi, mstari mzima ukatoweka. Akaruka kama ameguswa na umeme. Jasho.

"Injinia! Rudisha kile cha zamani, kile rahisi!"

Sasa sikiliza. Kurudisha kile rahisi ni amri moja na namba moja. Unabonyeza moja badala ya tatu, kwisha. Nilijua. Injinia alijua. Na alijua kwamba najua. Tukatazamana juu ya kichwa cha meneja.

Angebonyeza ile moja, angekuwa amekiri mbele ya shemeji yake kwamba kiwango alichokipandisha kilimshinda yeye mwenyewe.

Akakohoa.

"Kitaalamu, bosi... kushusha kiwango haishauriwi."

"Ni kweli kabisa," nikasema. "Itaonekana kwenye ripoti."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mimi na Injinia kuelewana.

Meneja akainuka akisonya, akasema tuachane na hayo mambo, oda itakwisha tu. Alipoondoka nikatoka kwenye kihariri bila kuhifadhi, ule mstari ukarudi mahali pake. Na oda ikaisha kwa wakati, ndani ya saa zilezile.

Mpaka leo kihariri ni vim, na anayeweza kuigusa kengele hapa ni mmoja tu. Ni mimi. Kengele ya jioni inalia saa kumi na moja.

Wewe unayesoma, chukua hili. Anayekucheka kwa kutojua njia ya kutoka, msimamie nyuma umwone yeye anatokaje.

Na ukiagizwa kumbana mwenzako, usingoje kitufe kikukosee ndipo uonekane mwema. Mimi nilionekana mwema kwa bahati. Shangazi anajua. Kila tukikutana kwenye korido ananisalimia kwa jina jipya.

"Hujambo, Sawa Bosi?"

Naitika.